Fuata gunia kwanza: programu moja moja au mfumo mmoja kwenye kiwanda kidogo cha alizeti

Kila msimu wa alizeti ukikaribia huku Dodoma simu zinaanza, watu wenye viwanda vidogo vya kukamua, wa Kizota, wa Kibaigwa, wengine mpaka Singida, na swali ni lile lile, eti ninunue ile sistemu ya kila kitu au niendelee na hivi vidude vyangu. Vidude maana yake Excel ya stoo, Tally ya mhasibu (programu ya vitabu), mashine ya EFD ya kutolea risiti za TRA, grupu la WhatsApp la oda, na daftari la mlinzi getini ambalo kwa kweli ndo linaendesha kiwanda. Jibu langu huwa linawaudhi kidogo maana siwaambii nunua wala siwaambii usinunue, nawaambia kachukue gunia moja la alizeti ulifuate kuanzia getini mpaka mteja analipa, halafu nipigie tena. Wengi hawapigi tena. Ila wale wanaopiga wanakuwa wameshajijibu wenyewe robo tatu.

Mi nimekaa stoo na ofisini kwenye kiwanda cha kukamua kwa misimu kadhaa, nimefanya kazi na vidude na nimefanya kazi na mfumo mmoja, na vyote vimenitoa jasho. Ninachoandika hapa nimekipanga kwa hatua, zifuate kwa mpangilio wake hata kama unatamani kurukia ile ya kununua.

Hatua ya 1: Fuata gunia na peni mkononi

Usiwashe kompyuta. Asubuhi gari la mkulima au la dalali likiingia simama getini na karatasi yako. Gunia linawekwa kwenye mizani, na hapo hakikisha mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu maana kama mizani inadanganya hamna programu duniani itakayokusaidia, mpimaji anaandika kilo kwenye daftari. Namba imezaliwa. Sasa ifuate inakoenda, na kila mtu anapoichukua na kuiandika upya mahali pengine piga mstari mmoja kwenye karatasi yako. Akiiangalia tu usipige, piga akiiandika upya.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilipata mistari saba. Daftari la getini, kikaratasi cha mkulima cha kwendea kulipwa, Excel ya stoo, meseji ya jioni kwa bosi, simu ya kulipia, Tally, na mwisho wa wiki Excel nyingine ya bosi mwenyewe ambayo hata sikujua ipo. Gunia moja la kilo 68, watu watano, mara saba. Kule kwenye ya saba lilikuwa limeshakuwa kilo 86.

Nikampelekea mzee karatasi. Shikamoo mzee, hili gunia limenenepa njiani. Akacheka, akavaa miwani, akasema, "Marahaba mwanangu, sasa hizo kilo kumi na nane nimelipa au sijalipa?" Ndo swali lenyewe hilo, na ilituchukua siku nzima kulijibu. Hakuwa amelipa, malipo yalitoka na kile kikaratasi, ila alikuwa amepanga bei ya mafuta ya mwezi kwa kutumia ile Excel yake.

Ukimaliza ya getini fuata na safari ya pili, ya ndani: mbegu inapepetwa, inaingia kwenye ekspela, yaani mashine ya kukamua, mafuta yanapita kwenye chujio, yanajazwa kwenye madumu, mashudu, yale makapi yaliyobaki, yanafungwa kwenye mifuko, vinauzwa, risiti inatoka. Piga mistari vile vile. Safari ya pili ndo yenye matatizo ya kweli, ila watu wengi wanaishia ya kwanza kwa sababu getini kuna kelele, ndani kuna joto.

Hatua ya 2: Tafuta pale namba inapobadili nguo

Kuandika namba upya ni kero lakini kunavumilika. Hatari ni pale namba inapoingia ikiwa kitu kimoja inatoka ikiwa kitu kingine. Kwenye alizeti iko hivi: unanunua kwa kilo, unauza kwa lita. Na lita moja ya mafuta ya alizeti sio kilo moja, ni kama gramu 920. Dumu la lita 20 mafuta yake yana kilo 18.4 hivi.

Piga hesabu na mimi. Tuseme umeingiza kilo 1,000 za mbegu safi, yakatoka mafuta kilo 300, mashudu kilo 640, zile 60 zilizobaki ni unyevu, vumbi na yale matope yanayobaki kwenye chujio. Kwako inaweza kuwa pungufu au zaidi, inategemea na mbegu na ekspela na ilivyokauka. Kilo 300 gawanya kwa 0.92 unapata lita 326, yaani madumu 16 na lita sita juu. Sasa kama Excel ya stoo imeandikwa na mtu aliyechukulia kilo ni lita, vitabu vitasema madumu 15. Kwenye kila tani dumu moja na ushee lipo stoo lakini kwenye vitabu halipo, na dumu ambalo vitabu havilijui lina tabia ya kuota miguu usiku. Hamna mwizi aliyevunja kufuli hapo, fomula ndo imemfungulia mlango.

Kwetu tuliligundua kwa aibu. Tulikuwa tunajisifu kwamba kila mwezi stoki inatoka sawa na vitabu bila upungufu hata wa chupa, kumbe ilitakiwa itoke na ziada, na hiyo ziada kuna watu walishajua kuipiga hesabu kabla yetu.

Kwahiyo kwenye karatasi yako, pale ambapo kilo inageuka lita, gunia linageuka tani, mbegu inageuka vitu viwili, mkopo unageuka pesa taslimu, zungushia duara. Usipime ugumu wa tatizo lako kwa idadi ya programu ulizonazo, pima kwa idadi ya maduara. Kuna kiwanda kina programu nane na duara moja tu, kiko salama kabisa, na kuna kingine kina programu mbili na maduara matano, hicho kinavuja.

Na gunia lenyewe pia ni nguo. Kama kuna mtu kwako bado anahesabu kwa magunia badala ya kilo, na unajua lumbesa ilivyo, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, acha kusoma hapa nenda karekebishe hilo kwanza.

Hatua ya 3: Vya kuachwa peke yake viache

Wauzaji wa mifumo mikubwa wanapenda kukuambia kila kitu kikae sehemu moja. Sio kweli kwamba kila kitu kinahitaji. Mishahara kwa mfano, kiwanda cha watu kumi na tano, mwezi mzima inatoka namba moja tu kwenda kwenye vitabu, jumla ya mishahara na makato ya NSSF na kodi ya PAYE. Mstari mmoja kwa mwezi. Hata ukiuandika kwa mkono huwezi kufa. Kadi za matengenezo ya ekspela hivyo hivyo, fundi mitambo anataka kujua lini alibadilisha beringi na lini skrubu imeisha, programu ndogo ya simu au daftari la kawaida linatosha, na fundi mzuri daftari lake analipenda kuliko mke, usimnyang'anye. Kutengeneza lebo, kuchora tangazo, kupanga zamu, vyote viache.

Kitu kidogo kinachofanya kazi moja kina sifa moja ambayo watu hawaisemi: kikikosea, kosa linabaki humo humo. Kwenye mfumo mmoja mpimaji akibofya vibaya getini, ndani ya sekunde hiyo kosa liko stoo, liko kwenye gharama ya mafuta, liko kwenye deni la mkulima na liko kwenye ripoti ya bosi, na limependeza, lina rangi na grafu. Kwa vidude kosa linatembea kwa miguu, na njiani linakutana na watu wanaoweza kulishtukia. Ile 86 ya kwetu aliishtukia dada wa stoo kwa sababu yeye alikuwa anakumbuka 68. Mfumo haukumbuki, mfumo unaamini.

Hatua ya 4: Safisha majina kabla ya kuleta fundi

Hii inachosha na hamna mtu anapenda kuifanya, halafu ndo inaamua kila kitu. Chukua orodha ya bidhaa zote na wateja wote kutoka kwenye kila kidude uziweke pembeni kwa pembeni. Utakuta mafuta ya lita 20 yana majina manne: dumu kubwa, Alz 20, mafuta 20L, na "zile kubwa". Mteja mmoja wa soko la Majengo kwetu alikuwa na majina matatu na madeni matatu tofauti, kila mmoja akawa anamdai cha kwake, mama wa watu akawa anashangaa tu.

Tunga msimbo mfupi, mmoja kwa kila kitu, MAF20, MAF05, MAF01, MSH50 kwa mashudu mfuko wa kilo 50. Wateja wape namba. Andika kwenye karatasi kubwa bandika ukutani stoo, getini na kwa mhasibu, halafu lazimisha kila kidude kitumie misimbo hiyo hiyo kuanzia Jumatatu. Ukifanya hivi peke yake, bila kununua chochote, utashangaa nusu ya ule ugomvi wa mwisho wa mwezi imepotea. Kuna watu wawili niliowaambia hivi wakaishia hapo hapo, mfumo hawakununua na wanaendelea vizuri. Muuzaji wa mfumo hawezi kukuambia hili, na simlaumu, ana watoto.

Ongeza na namba ya bechi kama huna. Kila siku ya kukamua ipe namba, iandikwe kwenye dumu. Siku mteja akirudisha mafuta yananuka au TBS, wale wa viwango, wakiuliza hii chupa ilitoka kwenye mbegu za nani, unataka kujibu kwa dakika tano. Ukiona kujibu swali hilo lazima ufungue vitabu vitatu na kumpigia simu mtu aliyeko likizo Kondoa, hapo una sababu ya kweli ya kuunganisha. Kwa maoni yangu hii ndo sababu nzuri kuliko zote, inazidi hata ile ya kuokoa muda.

Hatua ya 5: Kila namba iwe na mwenyewe

Kilo zilizopokelewa, mwenyewe ni mizani. Madumu yaliyopo, mwenyewe ni stoo. Mteja anadaiwa kiasi gani, mwenyewe ni mhasibu. Andika hivyo kwenye ile karatasi ya ukutani. Maana yake ni kwamba vidude viwili vikigombana huanzi kubishana, yule mwenyewe anashinda na yule mwingine anarekebisha. Basi.

Hatua ya 6: Sasa hivi ndo uamue

Njia ziko tatu, sio mbili.

Ya kwanza ni kubaki na vidude. Kama baada ya kusafisha majina karatasi yako ina mistari michache na duara moja au mawili, baki. Weka tu fomula ya 0.92 kwenye Excel sehemu moja, uifunge kwa pasiwedi, na mtu mmoja tu ajue. Ila Excel nayo ina mwisho wake. Uingereza mwaka 2020 wakati wa korona walipoteza hesabu ya wagonjwa 15,841 kwa siku kadhaa kwa sababu data ilikuwa inapitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, lile linaloishia mistari 65,536, ikajaa, na iliyozidi ikaachwa bila mtu kuambiwa. Wewe huwezi kufika huko kwa alizeti, ila funzo lake ni kwamba faili haikupigii kelele ikikosea, inakaa kimya na kukutazama.

Ya pili ni kuviunganisha vidude vyenyewe. Programu nyingi zinaweza kutoa data kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na nyingine zinaweza kulipokea, kwahiyo jioni stoo inatoa faili, mhasibu analipokea, hamna kuandika upya. Kama duka lako linatumia VFD, yaani ile risiti ya TRA inayotoka kwenye programu badala ya kale kamashine, basi mauzo yanaweza yakatoka hapo hapo na risiti bila mtu kuandika mara mbili, na huo peke yake ni mstari mmoja umefuta. Njia hii ni rahisi na mi naipenda, lakini ina ugonjwa wake. Kwetu alikuja kijana wa fildi, mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, mjanja kweli, akatuandikia kaprogramu ka kuhamisha data ya stoo kwenda kwa mhasibu kila usiku, ikawa raha. Fildi ikaisha akaondoka. Miezi minne baadaye mtu mmoja akaongeza kolamu kwenye Excel, kaprogramu kakaanza kuchukua bei ikadhani ni kilo. Hamna aliyejua kako kwenye kompyuta gani. Kwahiyo ukienda njia hii, kabla kijana hajapewa barua yake akuandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili: faili linatoka wapi, linaenda wapi, saa ngapi, na likigoma unafanyaje. Uuchapishe. Usiuache kwenye laptopu yake.

Ya tatu ndo mfumo mmoja, wanaita ERP. Kwa viwanda vya saizi yetu majina utakayoyasikia sana ni Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India, zote zina toleo la bure ambalo unaweza kuliweka kwenye kompyuta yako mwenyewe hapo ofisini, ila bure ya programu sio bure ya fundi, kuipanga na kufundisha watu ndo pesa inakoenda. Odoo ya bure haina uhasibu kamili wala sehemu ya ubora, hizo ziko kwenye toleo la kulipia, ulizia mapema usije ukashtuka katikati ya safari. Tally wanayoijua wahasibu wengi hapa nayo inafanya zaidi ya watu wanavyodhani, ina stoo na ina sehemu ya kuandika uzalishaji pamoja na bidhaa za pembeni, na inakaa kwenye kompyuta bila kuhitaji intaneti. Kabla hujanunua kipya fungua kwanza ile uliyonayo, muulize mhasibu sehemu ngapi hajawahi kuzigusa.

Nenda njia ya tatu kama maduara yamezidi matatu, kama una bidhaa nyingi na bechi za kufuatilia, na kama una mtu mmoja wa ndani, sio fundi wa nje, ambaye atakuwa mama au baba wa huo mfumo. Mtu huyo kama hayupo subiri. Kweli kabisa, subiri hata mwaka.

Na uwe tayari kubadilika wewe. Wale wa maduka ya Lidl kule Ujerumani walihangaika na mfumo mmoja wa kampuni ya SAP kama miaka saba, mwaka 2018 wakautupa, habari zikasema umekula karibu yuro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni ndogo mno, wao walizoea kuhesabu thamani ya stoki kwa bei ya kununulia, mfumo umezoea kwa bei ya kuuzia, wakang'ang'ania mfumo ubadilishwe uwafuate. Sasa na wewe kabla hujaambia fundi "sisi huku tunafanyaga hivi" jiulize hiyo "hivi" ina faida au ni mazoea ya marehemu babu aliyeanzisha kiwanda.

Hatua ya 7: Mpe muuzaji siku yako moja

Demo za mifumo karibu zote zinatengeneza meza. Ubao mmoja, miguu minne, skrubu kadhaa, meza imetoka, makofi. Vitu vingi vinaingia kinatoka kimoja. Alizeti ni kinyume, kinaingia kimoja vinatoka viwili au vitatu, na hapo ndo mifumo mingi inapata kigugumizi. Kama gharama ya mbegu yote inabebeshwa mafuta na mashudu yanaonekana yametoka bure, basi mafuta yako yataonekana ghali, mashudu yataonekana ni faida tupu, na utaanza kupanga bei kama chizi. Odoo ina sehemu ya bidhaa za pembeni lakini lazima iwashwe kwenye mipangilio, ukiiacha kama ilivyokuja huioni.

Kwahiyo usikubali demo ya meza. Chukua daftari la siku moja ya kweli umpe, umwambie hii ndo siku yetu, iingize mbele yangu. Tangu treni ya SGR ianze 2024 fundi wa Dar hana kisingizio cha safari, akitoka alfajiri saa nne yuko getini kwako. Mwambie afanye yafuatayo na wewe ukae pembeni kimya:

Apokee mbegu za wakulima watatu, mmoja kalipwa nusu. Apepete, kilo zipungue. Akamue, yatoke mafuta na mashudu na hasara, na jumla yake irudi kwenye kilo zilizoingia. Ageuze kilo kuwa madumu kwa 0.92. Auze madumu kumi kwa mkopo, mteja arudishe mawili yanavuja. Halafu umuulize, dumu hili lilitoka kwenye mbegu za nani, na tani hii imeniingizia shilingi ngapi.

Katikati ya hayo nyanyuka uchomoe waya wa intaneti. Usimuage. Kama kila kitu kimeganda na mpimaji getini hawezi kupokea gari, umeshajua siku ya mtandao kukata itakuwaje, maana wakulima wametoka Chemba na gari la kukodi na hawatasubiri mnara urudi. Mfumo unaokaa kwenye seva ya hapo ofisini unaendelea bila bando lakini unakula umeme na unahitaji UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikata, na bekapu ya kila siku, ule wa mtandaoni bekapu ni yao ila bando ni lako. Chagua shida unayoiweza. Mi ningechagua ya ofisini na bekapu kwenye diski ya nje inayolala nyumbani kwa bosi, ila najua vijana watanicheka.

Halafu la mwisho, mwambie nitolee data yangu yote sasa hivi, wateja, wakulima, stoki, madeni, kwenye faili ninaloweza kulifungua bila wewe. Akianza kusema hiyo tutaiongelea baadaye, mpe maji ya kunywa mwachane kwa amani. Na kwa kuwa mle kuna majina na namba za simu za wakulima, ulizia zinahifadhiwa wapi na nani anaziona, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na wewe ndo utaulizwa, sio yeye. Leseni ikiwa kwa dola piga hesabu ya kwamba dola inaweza kupanda, na kwamba mara nyingi leseni inahesabiwa kwa kila mtumiaji, kwahiyo mpimaji, stoo, mhasibu, bosi na yule dada wa mauzo ni watu watano, na tabia ya kuchangia pasiwedi moja ili kubana matumizi inaua faida yote ya kujua nani kaandika nini.

Hatua ya 8: Hamia wakati stoo ni tupu

Kampuni ya chokoleti ya Hershey, Marekani, mwaka 1999 ilikuwa na mpango wa kubadilisha mifumo kwa miezi 48, wakaubana ukawa 30, wakawasha mifumo mitatu kwa pamoja mwezi wa saba, wakati oda za sikukuu ya Halloween ndo zinaingia. Chokoleti zilikuwepo ghalani, maduka yanazitaka, mfumo hauwezi kuzitoa. Oda za kama dola milioni 100 hazikufika. Na hao ni watu wenye hela na mafundi.

Kwetu msimu wa kununua unaanza kuchangamka mwezi wa sita. Kwahiyo kuhama ni mwezi wa tatu au wa nne, mvua zinaishia, alizeti iko shambani inainamisha kichwa, stoo imebaki na vitu vya kuhesabika. Ukichelewa ukafika mwezi wa tano hujaanza, acha, subiri mwakani, endelea na vidude vyako msimu huu na majina yakiwa safi.

Usiwashe vyote kwa siku moja. Anza na pale penye duara kubwa zaidi, kwa wengi ni kukamua na stoo, mauzo yafuate wiki tatu baadaye, vitabu vya mhasibu mwisho. Kwa huo muda endesha pande mbili, la zamani na jipya, najua ni kazi mara mbili na watu watanuna, wanunulie soda. Kila jioni linganisha namba tatu tu: kilo zilizopokelewa, madumu yaliyopo, deni la wateja. Zikilingana siku kumi na nne mfululizo, la zamani lizimwe. Zikigoma siku ya tisa anza kuhesabu upya kutoka moja.

Siku ya kuwasha stoo ihesabiwe kwa mikono, dumu kwa dumu, na watu wawili ambao sio marafiki. Mashudu yapimwe kwa mizani, usikubali "yako kama mifuko mia hivi". Hiyo ndo stoki ya kuanzia, isainiwe na wote wawili na bosi. Ile Excel ya zamani usiifute, ibadilishe jina weka tarehe, iwe ya kusoma tu, nakala moja iwe kwenye flashi ndani ya droo ya mhasibu. Na daftari la mlinzi getini liache lilipo. Aendelee kuandika kilo kwa peni kama zamani, ila mwambie aongeze kolamu moja ya namba ya risiti ya mfumo, maana siku umeme ukikata saa saba mchana na magari manne yako foleni ni yeye na peni yake mtakaowategemea.